Barafu Kwenye Koo la Mtungi

Mama alipoacha mkaa na kuhamia gesi, hakuogopa moto. Aliogopa jasho. Tulikuwa na hitima nyumbani Tanga, sufuria la pilau limekaa juu ya jiko tangu alfajiri, na ilipofika saa nne mtungi ulikuwa umelowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Aliugusa, akarudisha mkono haraka. "Njoo uone maajabu," aliniita, "juu kunaunguza, chini kunagandisha." Jirani mmoja alisema mtungi una kasoro. Mwingine akasema gesi imechanganywa na maji. Pilau iliiva, watu wakala, wakaomba dua, na swali likabaki pale pale jikoni.

Nilikutana nalo tena miaka mingi baadaye, mita 27 chini ya maji, katika machimbo ya mawe yaliyofurika huko Uswidi. Hewa ilikuwa inanitoka mdomoni kwa kishindo, kama bomba la mtaa lililopasuka, na sikuweza kuizuia. Regyuleta niliyokuwa nayo niliitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii hii. Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya chombo hicho kama mtu anayesoma faili la kesi inayomhusu.

Kwa asiyekijua, chombo chenyewe ni hiki. Mtungi wa mzamiaji hushindiliwa hewa mpaka ifike msukumo wa bar 200 au zaidi, yaani mara 200 ya hewa tunayovuta barazani. Hakuna pafu la kuipokea hewa ya namna hiyo. Regyuleta huishusha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hukaa kwenye koo la mtungi na kuiteremsha mpaka takriban bar 10 juu ya msukumo wa maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili hukaa mdomoni, na kazi yake ni kufungua mlango pale tu mtu anapovuta pumzi, kisha kuufunga. Kati yao kuna mpira. Ndani mna springi, vali, na ama pistoni ama kiwambo cha mpira. Ukiziweka mezani, sehemu zake zote zinaenea kwenye sahani ya chai.

Nilijifunza kuzipanga kwenye sahani hiyo katika karakana ya klabu ya kupiga mbizi kaskazini mwa Unguja. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya mpira na siki. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Makunduchi ambaye wote tulimwita Babu, hata wageni. Siku moja Mswidi mmoja alituachia regyuleta yake tuisafishe. Kwenye hatua ya kwanza kulikuwa na kofia ya mpira iliyofungwa kwa pete, na ndani yake kuna majimaji.

"Babu, hiki nacho ni nini?"

"Kofia ya barafu, mwanangu."

"Barafu gani baharini?"

"Kwao huko. Wenzako wanatoboa barafu kama wewe unavyotoboa dafu, kisha wanaingia." Akacheka mpaka akavua miwani. "Hapa ni pambo tu. Ifute vizuri, umrudishie mwenyewe."

Niliifuta, nikairudisha. Maji yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 29 mwaka mzima. Nilichojali mimi ni wepesi wa pumzi: kulegeza springi ya hatua ya pili kidogo kidogo mpaka regyuleta itoe hewa kabla mtu hajamaliza kuitaka. Wageni waliipenda kazi yangu. Nami niliipenda sifa.

Chombo hiki hakikuanzia baharini, kilianzia migodini. Mwaka 1860 mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Benoît Rouquayrol wa Espalion, alipata hataza ya kifaa cha kumpa mchimbaji hewa safi penye gesi ya sumu. Ofisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, aliona mbali zaidi, na kufikia mwaka 1864 walikuwa wamekigeuza kifaa kile kuwa cha wazamiaji. Jules Verne alikivisha mabaharia wa Kapteni Nemo, na pengine hiyo ndiyo sababu jina la Rouquayrol halijapotea kabisa. Mitungi ya enzi hiyo haikuweza kubeba msukumo mkubwa, kwa hiyo mzamiaji aliendelea kutegemea pampu ya juu, na wazo lenyewe likalala kwa miaka karibu 80.

Lililoliamsha ni uhaba wa petroli. Ufaransa ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na magari ya Paris yalikuwa yakiendeshwa kwa gesi. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa ametengeneza vali ndogo ya kuipa injini gesi kadiri inavyoihitaji, bila kuzidisha wala kupunguza. Mwezi Desemba 1942 alitembelewa na luteni wa jeshi la majini, Jacques Cousteau, ambaye baba mkwe wake alikuwa mkubwa katika kampuni hiyo. Cousteau alitaka kitu kinachoweza kulipatia pafu hewa namna ile ile. Ndugu wa karibu wa regyuleta ya mzamiaji, basi, ni ile iliyofungwa juu ya mtungi wa jikoni kwa mama. Nilipolijua hilo nilimpigia simu kumweleza. Alisema yeye alijua siku nyingi kwamba ule mtungi una mambo.

Jaribio la kwanza lilifanyika mtoni Marne, karibu na Paris, Januari 1943, katikati ya majira ya baridi. Cousteau alipolala kifudifudi majini, hewa ilikuja vizuri. Aliposimama wima, ilibubujika yenyewe na kupotea. Alipoelekeza kichwa chini, ilibana, akavuta kwa shida. Kwa mtu wa karakana kama mimi, habari hii ni tamu kuliko zote za baadaye kuhusu meli na filamu: mara ya kwanza kabisa chombo hiki kilipoingia kwenye maji ya baridi, kilifanya kosa lile lile lililonikuta mimi. Kilibubujika.

Sababu haikuwa barafu, lakini. Tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu kuliko kiwambo kinachopokea hewa, na tofauti hiyo ya sentimita chache za maji ilitosha kuvuruga msukumo. Waliigundua wakiwa njiani kurudi, wakalihamishia tundu kando ya kiwambo, na hataza ikapatikana mwaka huo huo. Juni 1943, kwenye fukwe za kusini karibu na Bandol, Cousteau, mkewe Simone, Philippe Tailliez na Frédéric Dumas walianza kukitumia chombo chao. Oktoba, Dumas alifika mita 62. (Hawakuwa peke yao katika mbio hizo. Georges Commeinhes alikuwa na kifaa chake, akashuka nacho mita 53 nje ya Marseille mwaka huo huo. Mwaka uliofuata aliuawa vitani Strasbourg. Vita ndivyo vilivyoamua tuimbe jina la nani.)

Regyuleta za Gagnan zilikuwa na mipira miwili minene iliyopita juu ya mabega, mmoja wa kuleta hewa na mwingine wa kurudisha pumzi iliyotumika. Mitambo yote ilikuwa mgongoni ndani ya kisanduku cha mviringo kama kibweta cha hina. Kisha mwaka 1952, huko Melbourne, Ted Eldred akaanza kuuza regyuleta aliyoiita Porpoise. Aliitenga mitambo sehemu mbili, moja kwenye mtungi na nyingine mdomoni, na katikati akaweka mpira mmoja mwembamba. Hakutaka kugongana na hataza ya Wafaransa, kwa hiyo alilazimika kufikiri upya, na kufikiri kwake ndiko kulikoshinda dunia nzima. Karibu kila regyuleta niliyoifungua Unguja ni mjukuu wa Porpoise.

Ila muundo huo ulikuwa na deni. Mbele ya mdomo wa mzamiaji sasa kulikuwa na chemba ndogo ambamo hewa kavu na baridi kutoka mtungini hukutana na pumzi yenye unyevu kutoka kifuani. Na kule kwenye koo la mtungi, katika miundo mingi ya pistoni, maji yaliachwa yaingie hadi kwenye springi yenyewe ili yaieleze kina kilichofikiwa. Baharini Zanzibar deni hili halidaiwi kamwe.

Hapa ndipo jasho la mtungi wa mama linaporudi, ingawa si kwa sababu ile ile hasa. Mtungi wa jikoni una kimiminika ndani, nacho kinapogeuka kuwa gesi hunyonya joto la chuma chake. Mtungi wa mzamiaji una hewa tupu. Mfano wake wa kweli ni baiskeli: bonyeza vali ya tairi lililojaa, na kidole chako kitasikia ubaridi. Hewa iliyobanwa inapopanuka ghafla hupoteza joto, na kadiri tofauti ya msukumo ilivyo kubwa ndivyo inavyopoa zaidi. Kutoka bar 200 mpaka bar 10, kwenye tundu dogo kuliko punje ya mchele, hewa inaweza kushuka chini sana ya sifuri. Chuma kinachoizunguka huifuata. Maji yaliyokigusa chuma hicho nayo hufuata.

Kwa hiyo ziwani kwenye baridi kali, maji ndiyo yanayoipa regyuleta joto. Maji ya nyuzi 4 kwa chuma kilichoshuka chini ya sifuri ni kama moto wa kuota. Yakiweza kupitisha joto haraka, chombo kinasalimika. Yakishindwa, punje ya barafu hukaa kati ya koili za springi au kwenye wenzo wa vali, na vali ikishafunguka haifungi tena. Hewa inayobubujika inazidi kupoza chuma, na barafu inazidi kukua.

Kina nacho kina sauti yake. Kwenye mita 40 msukumo ni mara tano ya juu, basi kila pumzi inabeba hewa mara tano na kuiba joto kwa kiasi hicho hicho. Mtungi uliojaa ni hatari kuliko uliopungua. Mwenye hofu, anayehema haraka, anaharakisha kitu kile kile anachokihofia.

Haya yote sikuyajua mwezi Julai wa mwaka wangu wa pili Uswidi. Nilikwenda kwa masomo, nikatafuta wazamiaji kama mwingine atakavyotafuta msikiti au timu ya mpira. Juu ya maji ya machimbo kulikuwa na joto la nyuzi 19, watoto wanaruka kutoka kwenye mawe. Niliona maneno yao kuhusu baridi yametiwa chumvi. Nilivaa regyuleta yangu ya pistoni kutoka Unguja, nyepesi kama nilivyozoea. Mwenzangu, bwana mmoja mstaafu, aliitazama kwa muda mrefu, akauliza iwapo imefungwa dhidi ya maji. Nikajibu ina miaka sita na haijawahi kuniangusha.

Tulipopita mita 15 ulikuja mstari wa baridi kama pazia. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofika nyuzi 4, kwa hiyo katika maziwa yenye kina ya nchi hizo, maji ya nyuzi 4 hukaa chini mwaka mzima, hata watoto wakiogelea juu. Kwenye mita 27 nilibonyeza kitufe cha kuingiza hewa kwenye suti na wakati huo huo nikavuta pumzi ndefu. Makosa mawili kwa mpigo. Mlio mdogo, kisha kishindo.

Niliweza kuvuta hewa kutoka kwenye povu lile kama anayekunywa kwenye bomba lililofunguliwa lote, meno yakiniuma kwa baridi. Sikuweza kuona kitu kwa mapovu. Mkono ulinishika begani, regyuleta nyingine ikaja mbele ya midomo yangu, nikaipokea. Bwana yule akafunga mtungi wangu kwa mkono wake, tukapanda taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu, tukatoka. Mtungi ulioingia majini na bar 190 ulibaki na 40. Nilipoitazama hatua ya kwanza, ilikuwa imevaa ganda jeupe la barafu, na jua la Julai linawaka. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba ni regyuleta nzuri sana kwa mahali ilikotoka.

Kiswahili huyaita maji yasiyo na chumvi maji baridi, hata yakiwa ya Ziwa Victoria saa nane mchana. Kwa mambo ya regyuleta, jina hilo limekaa mahali pake. Maji ya bahari huganda karibu na nyuzi 1.8 chini ya sifuri, maji baridi huganda kwenye sifuri kamili. Yakiwa na joto sawa, ziwa lina nafasi ndogo zaidi kabla ya kuganda kuliko bahari.

Majirani wa barafu walianza kulitafutia dawa jambo hili mapema. Mwaka 1958, huko Göteborg, Ingvar Elfström alianzisha kampuni ya Poseidon, na regyuleta yake ya kwanza, Cyklon, ilitumia kiwambo badala ya pistoni iliyo wazi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya ukoo katika biashara hii. Pistoni ni rahisi kutengeneza na hutoa hewa nyingi, ila katika muundo wake wa kawaida springi na shina la pistoni vinaoga kwenye maji. Kiwambo kinaweka ukuta wa mpira kati ya maji na njia ya hewa. Springi bado inaweza kugusa maji, kwa hiyo wakaongeza kofia ya pili juu yake, iliyojazwa kitu kisichoganda upesi: pombe, au mafuta ya silikoni. Ndiyo ile kofia iliyomchekesha Babu. Baadaye wengine waliacha majimaji kabisa, wakaweka kiwambo cha pili kinachosukuma kipande kikavu cha kupokezana. Wenye pistoni nao walishindilia grisi nene kwenye chemba ya springi. Niliwahi kuisafisha grisi ya namna hiyo Unguja, nikidhani ni uchafu wa fundi mvivu.

Anayetaka kujua nini kinafanya kazi kweli aangalie McMurdo, kituo cha Wamarekani huko Antaktika. Wanasayansi wamekuwa wakizamia pale tangu miaka ya 1960, kwenye maji ya nyuzi 1.8 chini ya sifuri, wakipitia tundu lililotobolewa kwenye barafu yenye unene wa mita mbili au zaidi. Tundu hilo ndilo mlango wa kuingia na wa kutokea. Kwa miaka mingi, wakati dunia nzima imekwisha hamia mpira mmoja, wao waliendelea na Royal AquaMaster, regyuleta ya mipira miwili iliyotokana moja kwa moja na kazi ya Gagnan. Ushamba? Hapana. Katika muundo ule pumzi yenye unyevu hairudi kwenye vali, na hewa hupata muda wa kuota joto la maji ikiwa njiani kwenye mpira mrefu. Kifaa kilichoonekana kimepitwa na wakati kilikuwa kimelipa deni ambalo vipya vilikuwa bado vinadaiwa.

Vipuri vyake vilipokuwa adimu, walilazimika kuchagua tena, na regyuleta iliyokuja kuwa ya kawaida pale ni Sherwood Maximus. Ajabu ni kwamba hiyo ni ya pistoni. Badala ya kuzuia maji kwa ukuta, huachia hewa kidogo sana ipite muda wote ndani ya chemba ya springi na kutokea nje, kwa hiyo maji hayapati nafasi ya kuingia. Mapovu madogo yanaitoka hata ikiwa haina kosa lolote. Babu angeikataa mlangoni kwa kudhani inavuja. Kwenye hatua ya pili kuna bamba la chuma la kutunza joto la pumzi ya mzamiaji mwenyewe.

Pale pale McMurdo, miaka hiyo hiyo ya 1960, Arthur DeVries aligundua kwamba damu ya samaki wa huko ina protini maalumu zinazozuia punje za barafu zisikue. Samaki wale nao wana kofia yao. Na Paul Dayton, aliyezamia pale mara mamia, alieleza pamoja na wenzake namna barafu inavyoota kwenye sakafu ya bahari, ikashika konokono na nyota za bahari na kuzinyanyua mpaka juu. Katika maji kama hayo, kipande cha chuma kilichopozwa kutoka ndani ni mwaliko.

Tabia walizojiwekea zina thamani kuliko chapa yoyote. Regyuleta ikae mahali pakavu na penye joto mpaka dakika ya mwisho. Usivute pumzi kwayo juu ya maji, maana hewa ya nje ni baridi kuliko bahari na pumzi yako itaacha unyevu unaoganda papo hapo. Usivute hewa na kujaza suti kwa wakati mmoja. Mitungi iwe na matundu mawili yanayojitegemea, kila moja na regyuleta yake. Ningekuwa nimelijua hata moja kati ya hayo, Julai ile ingepita bila hadithi.

Ulaya iliweka kipimo chake katika kiwango cha EN 250, kilichotoka kwanza mwaka 1993. Maji ya baridi, kwa kiwango hicho, ni yaliyo chini ya nyuzi 10. Regyuleta inayodai kuyaweza hutiwa kwenye maji ya nyuzi 4 kwa msukumo wa mita 50, na mashine inavuta lita 62.5 kwa dakika kwa muda wa dakika tano. Kazi hiyo ni nzito, mtu mtulivu havuti hata nusu yake. Lakini dakika tano ni dakika tano, na mashine haina hofu. Muhuri ule unaniambia ni regyuleta zipi niziache dukani. Hauniambii niliyoichukua itafanya nini dakika ya 40.

Na kwa wazamiaji wa kiufundi dakika ya 40 ndiyo penyewe. Hao ni wale wanaokwenda kwenye kina au mapango ambako hawawezi kupanda moja kwa moja, ama kwa sababu ya dari ya mawe, ama kwa sababu ya gesi iliyoingia mwilini ambayo lazima itolewe kwa kusimama njiani. Mimi nilikuwa na anga juu yangu. Tarehe 1 Septemba 1995, Terrence Tysall na Mike Zee waliteremka katika Ziwa Superior mpaka kwenye mabaki ya Edmund Fitzgerald, meli ya madini ya chuma iliyozama tarehe 10 Novemba 1975 na watu wake wote 29. Imelala takriban mita 160 chini. Walikuwa na mitungi na regyuleta za kawaida, wanavuta mchanganyiko wenye heli, kwenye maji baridi kwa maana zote mbili za neno. Kwenye kina hicho kila pumzi hubeba gesi kama mara 17 ya ile ya juu. Waliigusa meli, wakaanza kupanda kwa muda mrefu. Leo hakuna anayeruhusiwa kuikaribia bila kibali cha serikali ya Ontario, kwa heshima ya waliomo.

Nilipoamua kuendelea na mafunzo hayo ilinibidi nichague upya, na pesa yangu ilikuwa ya mwanafunzi. Titani iling'aa dukani, nyepesi, haishiki kutu. Niliiacha. Titani hupitisha joto vibaya ukilinganisha na shaba nyeupe ya kawaida, na regyuleta inayotakiwa kuota joto la maji haihitaji koti. Tena wazamiaji wa kiufundi hutumia oksijeni safi wakati wa kupanda, na titani ikiwa ndani ya oksijeni yenye msukumo mkubwa inaweza kushika moto. Nilinunua mbili za kiwambo, za shaba, zilizofungwa kwa ukavu, zilizotumika. Hatua za pili nilizitaka za chuma. Za plastiki ni nyepesi mdomoni lakini zinaifungia baridi ndani.

Kisha nilifanya jambo lililonigharimu kuliko pesa. Nilikaa mezani na kuzikaza. Nilipunguza msukumo wa kati, nikabana springi ya hatua ya pili mpaka pumzi ikawa na uzito kidogo, kitu ambacho Unguja kingenirudishia mgeni analalamika. Mkono ulikataa. Miaka yote niliyosifiwa ilikuwa kwenye bisibisi ile.

Moja nimeifunga tundu la kulia, nyingine la kushoto, na kati ya mitungi kuna vali ya kuitenga. Mpira wa ile ninayovutia una urefu wa karibu mita mbili, desturi iliyotoka kwenye mapango ya Florida, ili mwenye shida apewe ile inayofanya kazi na bado mtu apite penye wembamba. Ikibubujika, naifunga kwa mkono nyuma ya shingo, nahamia nyingine, nangoja. Maji yakipewa dakika moja au mbili huiyeyusha barafu, kisha naifungua polepole. Nimelifanyia mazoezi hadi usingizini mkono unakwenda shingoni.

Siku hizi wengi wamehamia mashine zinazoisafisha pumzi na kuirudisha. Humo hewa ni ya vuguvugu, na gesi inayopita kwenye vali ni kidogo mno kuganda. Lakini kila mmoja bado hubeba mtungi wa dharura ubavuni wenye regyuleta kama zangu. Inakaa saa nzima kwenye nyuzi 4 bila kuguswa. Siku inapohitajika, inahitajika na mtu anayehema kama aliyekimbizwa, kutoka kwenye mtungi uliojaa, kwenye kina kirefu kabisa cha safari. Sijui mtihani mgumu kuliko huo kwa kipande cha shaba, na watu huko huuchagulia kifaa cha bei nafuu kwa kuwa hakitumiki sana.

Ile ya pistoni niliirudisha Unguja nilipokwenda likizo. Nilimsimulia Babu kisa chote, mpaka lile ganda jeupe la barafu mwezi wa Julai. Alisikiliza bila kucheka. Aliniomba nimletee kofia moja ya mpira, kuukuu, aitundike ukutani. Regyuleta aliifungua, akaipima, akailegeza kidogo nilipokuwa nimeikaza, akaiweka kwenye rafu ya kukodisha. Bado inafanya kazi. Mwezi wa Agosti, maji yakishuka mpaka nyuzi 25, wapo wageni wanaotoka nayo wakitetemeka na kuomba chai.